Sauti na Mwenye Sauti

Mtu huja duniani mikono mitupu. Hana nguo, hana fedha, hana hata jina. Lakini ana sauti. Kwa kilio chake cha kwanza mkunga hujua kuwa mtoto yu hai, na jamaa waliongoja nje ya mlango hushusha pumzi kwa furaha. Tangu siku hiyo sauti hukua pamoja na mwenyewe. Huvunjika abalehepo, hutulia akomaapo, na hutetemeka azeekapo. Mama humtambua mwanawe gizani kwa neno moja, na rafiki humjua rafiki kwa kikohozi tu. Mali nyingine mtu huzipata kwa kurithi, kwa kununua au kwa kupewa. Sauti huzaliwa nayo, na akifa huondoka nayo. Ndivyo ilivyokuwa kwa karne nyingi, wala hapakuwa na haja ya kuuliza kama sauti yaweza kuwako pasipo mwenye sauti.

Leo swali hilo limekuwa la lazima. Wametokea duniani waimbaji wasio na koo. Wana majina mazuri, nyuso za kupendeza, mavazi ya fahari, na nyimbo ziwezazo kutia watu furaha au huzuni. Lakini hawakuzaliwa, hawali, hawalali, wala hawatakufa. Wameundwa kwa kompyuta. Huenda wewe msomaji umekwisha kuwasikia pasipo kujua. Umepanda matatu jioni katikati ya jiji la Nairobi, uelekee Kangemi au Kawangware. Wimbo unapigwa, abiria mmoja anatikisa kichwa, mwingine anaufuatiza kwa mdomo. Hakuna hata mmoja aulizaye kama aimbaye ni mtu. Wimbo ni mtamu, msongamano wa magari ni mkubwa, na kila mmoja ana mawazo yake. Je, yuko aliyedhulumiwa katika jambo hilo? Kama yuko, ni nani? Na wewe uliyesikiliza, una sehemu gani katika dhuluma hiyo? Haya ndiyo maswali ya insha hii.

Jambo hili halikuzuka kwa usiku mmoja kama uyoga. Limekuja kwa hatua tatu, na kila hatua yafaa ipimwe kwa kipimo chake.

Katika hatua ya kwanza sauti ilitengwa na mwili. Mwaka 1928 Siti binti Saad wa Unguja alisafiri mpaka Bombay, Bara Hindi, akaimba mbele ya chombo, na sauti yake ikachorwa juu ya sahani ya santuri. Kabla ya safari ile, aliyetaka kumsikia Siti ilimpasa amfuate alipo. Baada yake sauti ya Siti iliweza kusikika Mombasa, Lamu na Dar es Salaam katika usiku mmoja, na mwenyewe amelala nyumbani kwake. Yalikuwa maajabu makubwa. Walakini sauti ile ilikuwa na mwenyewe. Nyuma ya sahani alikuwako mwanamke aliyezaliwa katika kijiji cha Fumba, aliyeuza vyungu kabla ya kuuza nyimbo, na ambaye Shaaban Robert aliyaona maisha yake kuwa yastahili kuandikiwa kitabu. Santuri iliichukua sauti mbali, lakini haikuifuta njia ya kumrudia mwenyewe.

Katika hatua ya pili uso ulitengwa na mtu. Mwaka 1969 wimbo mmoja wa kundi lililoitwa The Archies ulishika nafasi ya kwanza Marekani. Wanakundi wale walikuwa vikaragosi vya kuchorwa. Aliyewaimbia, Ron Dante, alikuwa mtu wa damu na nyama, lakini wasikilizaji wengi walizijua zile picha wasimjue yeye. Mwaka 1998 Uingereza ilipata kundi la Gorillaz, wanamuziki wanne wa kuchorwa. Mwaka 2007 kampuni moja ya mji wa Sapporo, Japani, ilitoa programu ya kompyuta yenye sauti na sura ya msichana aitwaye Hatsune Miku, jina ambalo maana yake ni sauti ya kwanza ya siku zijazo. Mtu yeyote aliyenunua programu ile aliweza kumtungia Miku wimbo, naye akauimba. Maelfu wamejaa katika kumbi kumshangilia msichana wa mwanga. Hata hivyo sauti ya Miku ilitokana na vipande vya sauti ya mwigizaji aitwaye Saki Fujita, aliyekubali kazi hiyo na ambaye jina lake halikufichwa.

Nairobi nayo haikuachwa nyuma katika hatua hii. Mwezi wa Machi 2010 kundi la vijana liitwalo Just a Band lilitoa video ya wimbo wao, na ndani yake mlikuwa na shujaa aitwaye Makmende. Jina hilo lilikuwa la zamani katika michezo ya watoto wa Nairobi. Lilizaliwa kwa maneno ya filamu ya Kimarekani yaliyogeuzwa na ndimi za mitaani. Kwa siku chache jiji zima lilimzungumza Makmende kama mtu wa jirani. Watu walimbunia mikasa, wakampa nguvu za ajabu, wakamtania na kumtukuza katika intaneti. Hakuwako, na kila mtu alijua kuwa hakuwako, na furaha yao haikupungua kwa kujua hivyo.

Hatua ya tatu ndiyo hii yetu. Sasa mashine yenyewe huimba. Hulishwa nyimbo nyingi mno, zaidi ya zile mtu awezazo kusikiliza katika umri wake wote. Huhesabu ni mlio gani hufuata mlio gani, ni neno gani hukaa karibu na neno gani, ni pumzi gani huja kabla ya kilio. Kisha mtu huiandikia maneno machache ya kuiamuru, na kwa muda mfupi hutoa wimbo ambao haukuwako. Katikati ya mwaka 2025 kundi liitwalo The Velvet Sundown lilipata wasikilizaji zaidi ya milioni 1 kwa mwezi katika huduma ya Spotify. Lilikuwa na picha za vijana wanne wenye nywele ndefu na maelezo ya safari yao ya muziki. Wasikilizaji waliposhuku na kuuliza, ndipo ilipokirika kuwa muziki ule, sauti zile na picha zile vilitengenezwa kwa msaada wa akili bandia. Hapakuwa na vijana wanne.

Sasa tuyatazame maswali yenyewe. La kwanza ni hili: je, mwimbaji wa kubuniwa ni uongo?

Wako wasemao kuwa ni uongo mtupu, kwa sababu hujifanya yuko naye hayuko. Hukumu hiyo ni ya haraka. Lau kila kisichokuwako kingekuwa uongo, basi bibi zetu wangekuwa wakubwa wa waongo, maana walituambia kuwa Sungura alimshinda Fisi kwa maneno na Kobe akamshinda Sungura kwa mbio. Lakini kumbuka namna walivyoanza. Bibi aliita, "Paukwa!" nasi tuliitika, "Pakawa!" Maneno yale mawili ni mafupi, na kazi yake ni kubwa. Kwa mwito ule msimulizi aliomba ruhusa ya kubuni, na kwa mwitikio ule wasikilizaji walimpa ruhusa. Baada ya hapo Sungura aliweza kusema, kuvaa kanzu na kuoa, na hakuna aliyedanganywa, kwa kuwa wote walikuwa ndani ya mkataba mmoja. Makmende alikuwa Sungura wa jiji. Miku ni Sungura wa Japani. Wote wawili waliingia kwa mlango wa mbele, wakabisha hodi, wakakaribishwa.

Mambo ni tofauti kwa anayeingia usiku kwa dirisha. Anayeunda mwimbaji kwa mashine, akampa jina la mtu, akamtungia mahali pa kuzaliwa na misiba aliyopata utotoni, kisha akamleta kwa watu kama mtu, huyo amesimulia bila kuita paukwa. Amechukua imani ambayo hakuiomba. Uongo basi haumo katika sura ya kuundwa. Umo katika ruhusa iliyorukwa. Sanamu haina kosa. Mwenye kuisimamisha sanamu njiani usiku ili wapita njia waidhanie mtu, yeye ndiye mwenye la kujibu.

Swali la pili ni gumu zaidi: je, mwimbaji wa kubuniwa ni mwizi?

Ili kulijibu, tuirudie Nairobi ya mwanzo wa miaka ya 1960. Katika studio ya Equator Sound walikutana vijana waliokuja kuwa mashuhuri katika Afrika ya Mashariki, akina Fadhili William na Daudi Kabaka. Fadhili aliurekodi wimbo wa Malaika, na wimbo huo ukapaa. Miriam Makeba aliuimba, Harry Belafonte akauimba, na kundi la Boney M. likauimba. Ukawa wimbo wa dunia. Lakini mabishano juu ya nani hasa aliyeutunga, na nani astahiliye mapato yake, yaliendelea kwa miaka mingi. Mwaka 1968 wimbo mmoja wa Kabaka nao uliimbwa na kundi la Uingereza liitwalo The Tremeloes, ukapendwa huko kwa watu ambao wengi wao hawakupata kulisikia jina la Kabaka. Wote wawili walifariki mwaka 2001. Tangu miaka ya 1970, katika vyumba vidogo vya River Road na mitaa ya jirani, waimbaji wa Kikamba, Kikuyu, Kijaluo, Kiluhya na Kiswahili walirekodi nyimbo zilizochezwa nchi nzima, na wengi wao waligundua kuwa sifa huenda mbali kuliko shilingi.

Haya yalitendeka wakati ambapo mwizi alipaswa kuiba wimbo mmoja mmoja, na kila wimbo ulioibwa ulifanana na wenyewe, hata mwenye mali aliweza kuunyoshea kidole na kusema, "Huu ni wangu." Mashine ya leo hula nyimbo zote kwa pamoja. Tone moja la kila mwimbaji huingia katika mtungi mmoja, na yatokayo mtungini hayana rangi ya mtu yeyote peke yake. Ni nani atakayeyanyoshea kidole? Aliyetoa tone moja tu ataonekana mchoyo akidai, hali mtungi wote umejaa kwa matone ya namna hiyo.

Pingamizi moja lenye nguvu huletwa hapa, nalo lastahili kujibiwa kwa heshima. Husemwa: kila mwimbaji hujifunza kwa waliomtangulia. Mtoto husikia nyimbo za mama yake, za kanisani au msikitini, za redioni na za matatu, kisha hutoa wimbo wake. Hakuna amwitaye mwizi. Tena tuna nyimbo za jadi, za kubembelezea watoto na za kulimia, ambazo hakuna ajuaye aliyezitunga. Kwa nini mashine ihukumiwe kwa lile ambalo mtu husamehewa?

Jibu langu ni hili. Mtoto ajifunzaye huingia katika duara. Leo huchukua kwa wakubwa zake. Kesho wadogo zake watachukua kwake. Huwasalimu waliomfunza, huwataja, huwaimbia katika harusi zao na hulia katika matanga yao. Deni lake hulipwa kwa njia elfu zisizoandikwa. Nyimbo za jadi nazo hazikuchukuliwa kwa wenyewe. Ziliachwa na wenyewe ziwe za wote, kama kisima kilichochimbwa na babu. Mashine haimo katika duara. Haina jirani wala mwalimu, na haiwezi kumsalimu mtu. Lakini mashine ina mwenyewe, na mwenyewe hupata faida. Huyo ndiye aliyekula bila kuosha sahani. Kudai kwamba mashine haidaiwi ni kweli. Kudai kwamba mwenye mashine hadaiwi ni hila.

Tena deni hili linagusa unga wa siku. Barabara ya Waiyaki, huko Westlands, yana makao yake makuu ya kampuni ya Safaricom, ambayo kwa huduma yake ya Skiza mpigaji simu husikia wimbo badala ya mlio mtupu, na wimbo unaochaguliwa humletea mwenyewe mgawo. Katika huduma nyingi za muziki za intaneti, fedha za wasikilizaji hutiwa katika chungu kimoja, kisha hugawanywa kwa hesabu ya nyimbo zilizosikilizwa. Kwa hesabu hiyo, kila mara wimbo wa mashine unapopigwa, kijiko cha kila mwimbaji mwenye mwili hupungua kidogo. Mashine moja yaweza kutoa nyimbo nyingi kwa siku moja kuliko msichana wa Kawangware atakazotunga katika maisha yake. Hatashindwa kwa sababu nyimbo zake ni mbaya. Atashindwa kwa sababu yeye hulala usiku.

Kuna na watu wengine waliofichwa. Mwezi wa Januari 2023 gazeti la TIME la Marekani lilieleza jinsi vijana wa Nairobi walivyolipwa chini ya dola 2 kwa saa ili wasome maandishi ya kutisha, ya mauaji na ya ukatili, na kuyatia alama, kusudi mashine ya maneno iitwayo ChatGPT ifunzwe kuyaepuka. Mashine ile haikuwa ya kuimba, lakini somo lake ni moja. Penye kitu kilichosemwa kuwa hakina mwili, tafuta vizuri. Mara nyingi utaikuta miili iliyochoka, nayo imekaa nyuma ya pazia.

Swali la tatu halihusu mwimbaji wala mwenye mashine. Linamhusu msikilizaji. Kumpenda asiyekuwako kwamfanyia nini mtu?

Nyota wa kubuniwa hana kasoro isipokuwa aliyemuunda ataka awe nayo. Hatoki chunusi, hanenepi, sauti haimkauki, wala haaibiki. Lavington na Kawangware ni mitaa ya jirani. Mwendo mfupi wa miguu hukutoa penye kuta ndefu na maua ukaingia penye mabati na vibanda. Msichana wa huku na msichana wa kule hawajuani, lakini usiku wote wawili huutazama uso mmoja katika simu, na wote wawili hujiona wabaya. Hapo zamani walijilinganisha na mwimbaji aliyekuwa mzuri kuliko wao; sasa hujilinganisha na mtu asiyewezekana.

Fauka ya hayo, upendo hufundishwa na udhaifu wa apendwaye. Mwimbaji mwenye mwili huugua, nasi humwombea. Hukosea, nasi hujifunza kusamehe au kukataa. Huzeeka, nasi hujua kuwa nasi twazeeka. Anayeimba matangani ataliliwa naye siku moja. Kwa hiyo neno lake la faraja lina uzito, kwa maana yu chini ya sheria ile ile ya kifo iliyotuangukia sisi. Mashine yaweza kutoa sauti ya kilio iliyo sawasawa na ya mjane, lakini haikufiwa. Utasema, "Lakini machozi yangu yalikuwa ya kweli." Naam, yalikuwa ya kweli, nami siyadharau. Nasema tu kwamba yalikuwa yako peke yako. Ulilia, na upande wa pili hapakuwa na mtu aliyelia nawe. Mara moja moja si neno. Moyo uliozoea faraja ya namna hiyo pekee utakuja kuona watu halisi kuwa ni taabu, kwa kuwa watu halisi hutaka wafarijiwe nao pia.

Baada ya kusema hayo, ni haki tuusikilize upande mwingine, maana mwamuzi wa sikio moja hukata kesi nusu. Ufundi huu una mema yake. Vijana wa Nairobi si wageni wake. Tangu mwaka 2010, wakati iHub ilipofunguliwa katika jumba la Bishop Magua kando ya Barabara ya Ngong, wengi wameonyesha kuwa waweza kubuni programu za kutumiwa na dunia. Yuko kijana wa Kangemi mwenye wimbo kichwani na asiye na ada ya studio. Kompyuta yaweza kumpa ala asizoweza kununua. Yuko msichana mwenye maneno mazuri anayeogopa macho ya watu. Akijifichia nyuma ya sura ya kuchorwa, maneno yake yatatoka. Yuko mtu ambaye ugonjwa umemnyima sauti, na mashine yaweza kumrudishia mfano wake. Nani atawanyima hawa? Katika mifano hii yote mwenye sauti yuko, ameridhia, na ndiye afaidiye. Chombo ni kile kile. Kilichobadilika ni mkono ulioshika mpini.

Kwa hiyo ridhaa ni jambo kubwa. Mwezi wa Mei 2022 waimbaji wanne wa kundi la ABBA, ambao walikuwa hai na wazee, waliwaonyesha watu wa London sura zao za ujana zilizofanyizwa kwa mwanga. Walikubali wenyewe, wakafanya kazi ya kuzitengeneza, wakapata haki yao. Miaka 10 kabla ya hapo, mwezi wa Aprili 2012, mfano wa mwanga wa Tupac Shakur ulisimamishwa jukwaani katika jimbo la California, hali yeye alikufa mwaka 1996. Watu walishangilia, marehemu hakuulizwa. Mwezi wa Aprili 2023 ukatokea wimbo uliotumia sauti za kuigwa za Drake na The Weeknd, ambao wako hai na hawakuuimba kamwe. Uliondolewa baada ya siku chache.

Chukulia sasa kuwa fundi mmoja, katika chumba chake huko Westlands, anaiinua sauti ya Daudi Kabaka kutoka katika sahani za zamani na kuifanya iimbe wimbo mpya. Wimbo ni wa kutangaza pombe, au wa kumsifu mgombea wa uchaguzi. Wazee watakaousikia redioni watatabasamu na kusema, "Kumbe Kabaka alikuwa upande wetu!" Je, Kabaka atasimama kukana? Sheria itasaidia kwa sehemu. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 40, inaiagiza serikali ilinde mali ya ubunifu ya wananchi. Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001 huulinda wimbo kwa miaka 50 baada ya kufa kwa mtunzi. Kwa hesabu hiyo, alizotunga Kabaka zimelindwa mpaka mwisho wa mwaka 2051. Sheria ya kulinda data ya mwaka 2019 nayo imetaja utambuzi wa sauti pamoja na alama za vidole, kwa kuwa vyote ni vitambulisho vya mwili wa mtu. Lakini hakimiliki hulinda wimbo uliotungwa. Fundi wetu hakuchukua wimbo, amechukua koo. Sheria hutembea kwa miguu na ufundi huruka. Katika mwanya ulio kati yao hakuna mlinzi ila dhamiri ya watu.

Dhamiri ya watu ni pamoja na yako, kijana usomaye. Usidhani kuwa jambo hili ni la mahakama na makampuni peke yake. Kila unapochagua wimbo unapiga kura, na kura yako huhesabiwa katika kile chungu. Sikuambii uukimbie wimbo wa mashine kama sumu. Hata mimi singependa kuishi katika dunia isiyo na Sungura. Nakuomba uulize maswali matatu. Je, nimeambiwa kuwa huyu ni wa kubuniwa? Je, wale ambao sauti zao zilitumiwa waliridhia? Je, walipata haki yao? Ukijibiwa ndiyo kwa yote matatu, imba, cheza na furahi. Ukijibiwa hapana, au ukikuta kimya, jua kuwa utamu ule una mtu aliyeulipia bila kuulizwa.

Na uulizapo, usisahau sauti uliyopewa wewe. Huenda si nzuri. Huenda katika kwaya ya shule umewekwa safu ya nyuma, na mwalimu hukuomba upunguze. Hata hivyo ndiyo sauti pekee ambayo mama yako ataijua gizani. Wakati wa mashindano ya muziki ya shule utakapokuja, nanyi mkasimama jukwaani mkiwa na viatu vilivyopigwa rangi na magoti yatetemekayo, kutakuwako mashine iwezayo kuuimba wimbo wenu bila kukosea hata mlio mmoja. Ninyi mtakosea pawili au patatu. Imbeni. Waliokaa mbele yenu wamepanda magari mawili, wameacha kazi na kulipa nauli ili wawasikie, na hawakuja kwa ajili ya wimbo.